Nina miaka 34, baba alifariki ghafla na 49: vipimo vya damu vinasema nini kuhusu moyo wangu?

"Shikamoo daktari. Mimi ni mwanamume wa miaka 34, naishi Makorora hapa Tanga, ni fundi umeme. Baba yangu alifariki ghafla akiwa na miaka 49. Alfajiri alilalamika kiungulia na kubanwa kifua, akatoka jasho jingi, na kabla hatujapata gari akawa ameshakata roho. Tuliambiwa ni presha. Mwezi uliopita mwenzetu wa miaka 36 alianguka uwanjani tukicheza mpira, hakuamka tena. Tangu siku hiyo sina raha. Nilikwenda maabara moja ya binafsi nikaomba vipimo vyote vya moyo. Majibu: kolesteroli yote 5.9, HDL 1.1, triglisaridi 1.3, LDL 4.2 (zote mmol/L), HbA1c asilimia 5.2, CRP 14 mg/L, troponini hasi. Presha 142/90. Aliyenisomea alisema mafuta yamezidi kidogo tu, troponini inaonyesha moyo ni mzima, ila CRP inaonyesha moyo una uvimbe. Niseme pia kwamba wiki moja kabla ya kupima nilikuwa nimemaliza dozi ya malaria, na kuna jino la nyuma linanisumbua, fizi imevimba. Mtoto wangu wa pili ana sikoseli. Sivuti sigara. Mirungi nilikuwa nakula zamani, siku hizi mara mojamoja kwenye shughuli. Jirani amenishauri nimeze aspirini ndogo kila siku kwa kuwa damu yangu ni nzito, na mke wangu ananichemshia kitunguu saumu, tangawizi na limau ili kusafisha mishipa. Je, niende Dar kupima zaidi? Kuna kipimo cha damu kinachoweza kuniambia kama nitapata mshtuko wa moyo?"

Marahaba mdogo wangu. Pole kwa kuondokewa na mzee, na pole kwa msiba wa mwenzenu. Nashukuru umeandika kila kitu. Yale uliyoyaweka mwishoni kama nyongeza tu, malaria, jino, mtoto mwenye sikoseli, yamebadilisha kabisa namna ninavyoisoma karatasi yako.

Nianze na swali lako la mwisho, maana ndilo linalokukosesha usingizi. Hakuna kipimo cha damu, hapa Tanga wala kwingineko duniani, kinachoweza kukuambia kwamba utapata mshtuko wa moyo au hutapata. Vipimo vya damu vinaonyesha mzigo ambao mishipa yako inabebeshwa. Kwa mtu wa miaka 34 hilo ni jambo jema, kwa sababu mzigo unaweza kupunguzwa kabla haujaleta madhara. Tatizo la karatasi yako ni kwamba imekutisha kwa kitu kisichohusika na moyo, kisha ikakutuliza kwa kitu kinachohusika sana. CRP ndiyo iliyokunyima raha, LDL, yaani kolesteroli inayojenga uchafu kwenye mishipa, ukaambiwa "kidogo tu". Mimi nazipanga kinyume chake.

CRP ni protini inayotengenezwa na ini pale mwili unapopambana na kitu chochote: malaria, nimonia, UTI, kidonda, jipu, jino bovu. Haina anwani. Ikipanda inatuambia kuna mapambano mwilini, haituambii ni wapi. Ni kweli kwamba kwa watu wasio na maambukizi yoyote, CRP ndogo inayobaki juu kidogo kwa muda mrefu, kuanzia 2 mg/L hivi, inaendana na hatari kubwa zaidi ya mshtuko wa moyo, na ipo aina ya kipimo chenye uwezo wa kusoma viwango hivyo vidogo. Lakini ikishavuka 10 hatuitumii kabisa kwa habari za moyo. Tunatafuta maambukizi, tunayatibu, na kama bado tunaihitaji tunapima upya baada ya wiki kadhaa. Wewe ulipima wiki moja baada ya malaria, na fizi imevimba. Hiyo 14 ina maelezo yake mdomoni mwako. Nenda kwa daktari wa meno wiki hii, usingoje jipu lipasuke lenyewe, na moyo usiuhusishe na hiyo namba.

Sasa kuna jambo ambalo pengine hukuambiwa. Ugonjwa uleule uliopandisha CRP unaweza kuwa umeshusha kolesteroli yako. Mtu akiugua malaria, na hata maambukizi mengine makali, LDL na HDL (ile inayoitwa kolesteroli nzuri) hushuka, na huchukua wiki kadhaa kurudi kwenye kiwango chake cha kawaida. Maana yake LDL yako ya 4.2 inaweza kuwa pungufu kuliko hali halisi. Ukipima tena baada ya miezi miwili, ukiwa mzima na jino limetibiwa, sitashangaa ikiwa juu zaidi. Ndiyo maana neno "kidogo tu" limenisumbua.

Nikueleze LDL inafanya nini hasa, kwa sababu bila kuelewa hapo utachoka na ushauri wote utakaofuata.

Mafuta hayachanganyiki na maji, na damu kwa sehemu kubwa ni maji. Kwa hiyo ini hufungasha kolesteroli ndani ya chembe ndogo sana zenye ganda la protini, nazo ndizo zinazosafiri kwenye damu. LDL ni aina mojawapo ya chembe hizo. Ukuta wa ndani wa mshipa una utando mwembamba wa seli, na chembe za LDL ni ndogo kiasi cha kuupenya. Zikiwa nyingi kwenye damu, zinazopenya nazo ni nyingi. Baadhi hunasa ndani ya ukuta na kuharibika humo. Seli za kinga huja kuzisafisha, huzimeza mpaka zenyewe zikajaa mafuta, kisha hufia palepale. Mwaka baada ya mwaka panajengeka gamba: ndani lina mafuta na mabaki ya seli zilizokufa, juu limefunikwa na nyuzi ngumu. Siku kifuniko hicho kikipasuka, damu inakutana na yaliyokuwa ndani, chembe sahani, zile zinazogandisha damu, zinakimbilia hapo kana kwamba mtu amejikata, na donge la damu linaweza kuuziba mshipa kwa dakika chache tu. Misuli ya moyo iliyokuwa inapata hewa kupitia mshipa huo inaanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Angalia mambo mawili hapo. La kwanza, gamba linaloua si lazima liwe kubwa. Mara nyingi kabla ya kupasuka huwa linaziba sehemu ndogo tu ya njia, na mwenyewe anapandisha ngazi, anaendesha baiskeli kutoka Pongwe hadi mjini, haoni dalili yoyote. Kwa hiyo kujisikia mzima si ushahidi. La pili, kazi hii huanza mapema kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1953 madaktari wa jeshi la Marekani walichapisha uchunguzi wa maiti 300 za askari waliouawa kwenye vita vya Korea. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Zaidi ya robo tatu walikuwa tayari na dalili za ugonjwa huu kwenye mishipa ya moyo. Walikuwa vijana waliopimwa afya na kufuzu kwenda vitani.

Kinachotia madhara ni kiasi cha LDL kuzidishwa kwa miaka. Ni kama deni la dukani kwa Mangi: leo sukari, kesho mkate, kila siku ni kidogo, lakini daftari halisahau. Mtu mwenye LDL 4.2 tangu akiwa na miaka 20, akifika 34 ameshabeba mzigo ambao mwenzake mwenye 2.5 ataufikia akiwa na zaidi ya miaka 40.

Ushahidi ninaoupenda kuliko wote katika jambo hili unatoka kwa watu wenye asili ya Afrika. Kuna jeni inaitwa PCSK9, kazi yake ni kupunguza milango ambayo ini huitumia kuondoa LDL kwenye damu. Baadhi ya watu huzaliwa jeni hiyo ikiwa haifanyi kazi vizuri, na kwao hiyo ni bahati: LDL yao iko chini tangu wanazaliwa. Mwaka 2006 timu ya Jonathan Cohen na Helen Hobbs wa Dallas, Texas, ilitoa matokeo ya Wamarekani weusi 3,363 waliofuatiliwa kwa miaka 15. Asilimia 2.6 walikuwa na hitilafu hiyo. LDL yao ilikuwa chini kwa asilimia 28, na ugonjwa wa mishipa ya moyo ulikuwa chini kwa asilimia 88, ingawa wengi walikuwa na presha, wengine kisukari, wengine wavuta sigara. Linganisha na dawa: mtu mzima akishusha LDL kwa 1 mmol/L kwa miaka michache kwa kutumia statini, hatari hupungua kwa takriban moja ya tano. Hiyo nayo ni faida kubwa, lakini si asilimia 88. Kilichowapa wale watu nafuu kubwa ni kuanza mapema. Nawaambia hivi vijana wote wanaokuja kwangu na karatasi kama yako, kwa sababu wengi huambiwa "wewe bado mdogo, subiri", na mimi naona umri huu ndio wenye faida kubwa kuliko yote.

Sababu mojawapo ya kuambiwa hivyo ni zile jedwali za kukadiria hatari. Jedwali za Shirika la Afya Duniani zilizotoka mwaka 2019 zinaanzia miaka 40, na zinakadiria miaka 10 ijayo tu. Mtu wa miaka 34 hayumo. Hata ukimlazimisha humo jibu litatoka dogo, kwa sababu ndani ya miaka 10 watu wachache wa umri huo hupata mshtuko wa moyo. Wewe hushughuliki na miaka 10. Una mtoto mwenye sikoseli anayekuhitaji kwa miaka 30 na zaidi.

Sasa tumzungumzie mzee. Hakufanyiwa uchunguzi, kwa hiyo hakuna anayeweza kuapa alikufa kwa nini. Hapa kwetu "presha" hutajwa kwa kila kifo cha ghafla, iwe kiharusi, moyo au kitu kingine. Lakini kubanwa kifua, kuhisi kiungulia, jasho jingi alfajiri, kisha kifo kabla ya gari kufika, ndivyo mshtuko wa moyo unavyoonekana mara nyingi. Baba au kaka kupata ugonjwa wa mishipa ya moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, tunauhesabu kuwa ni ugonjwa uliowahi mno kwenye familia, na hatari ya waliobaki inapanda. Ningekuwa nakuona chumbani kwangu, ningelihesabu hilo kana kwamba limethibitishwa.

Hapo ndipo vinaingia vitu viwili vya kurithi ambavyo damu inaweza kuvionyesha. Cha kwanza ni kolesteroli ya kurithi, ambapo mtu huzaliwa na jeni inayolifanya ini lishindwe kuondoa LDL ipasavyo. Inakadiriwa kumpata takriban mtu 1 kati ya 250 hadi 300, na wengi hawajijui. Tunaishuku LDL ya mtu mzima ikifika 4.9 au zaidi bila sababu nyingine, kama vile tezi ya shingo iliyolegea kazi au ugonjwa wa figo. Wewe uko 4.2, lakini ni 4.2 ya mtu aliyetoka kuugua. Ndiyo maana kipimo cha marudio kina uzito. Jikague pia: shika kano ile nene nyuma ya kifundo cha mguu, kama ni nene isivyo kawaida au ina vinundu, tazama kwenye kioo kama pana duara jeupe au la kijivu pembezoni mwa mboni ya jicho. Ukikuta kimojawapo, mwambie daktari. Usipokuta, usijihesabu kuwa umesalimika, maana wengi hawana dalili hizo.

Cha pili ni Lp(a), chembe inayofanana na LDL ila imeongezewa protini nyingine pembeni. Ilitambuliwa mwaka 1963 na Kåre Berg wa Norway. Kiwango chake kinaamuliwa karibu chote na jeni. Chakula hakikishushi, mazoezi hayakishushi, hata statini haikishushi. Takriban mtu 1 kati ya 5 anacho juu, na kwa wastani sisi watu wa asili ya Afrika tunacho zaidi kuliko Wazungu. Kuanzia 50 mg/dL, au 125 nmol/L kwa maabara zinazotumia kizio hicho, tunahesabu kwamba hatari imeongezeka. Hapa kwako naona kipimo hiki kina maana, kwa sababu ya mzee. Unapima mara moja tu maishani. Si maabara zote zinazokifanya, nyingine huchukua sampuli na kuituma kwingine, kwa hiyo uliza kwanza. Usikivunjie akiba ya ada za watoto. Kikikosekana, tutaendelea vilevile na kilichopo mkononi. Kikipatikana na kikawa juu, maana yake ni kwamba LDL na presha lazima tuzishushe kwa bidii zaidi, kwa vile hicho kimoja hatuwezi kukigusa kwa dawa za kawaida.

Utasikia pia habari za apoB. Ni kipimo kizuri, kwa kuwa kila chembe inayoziba mishipa ina apoB moja tu, hivyo ni sawa na kuzihesabu chembe zenyewe. Ukikosa, chukua kolesteroli yote utoe HDL. Kwako ni 5.9 kutoa 1.1, unapata 4.8. Namba hiyo haihitaji ulale na njaa wala haiongezi gharama, na kwa mtu kama wewe ningependa ishuke chini ya 3.4.

Troponini nitaipitia haraka, ila naomba unisikilize vizuri. Ni protini inayovuja kutoka kwenye misuli ya moyo inapoumia. Inapimwa mtu anapokuwa na maumivu ya kifua au dalili nyingine za hatari, ili kujua kama moyo unaumia sasa hivi. Wewe ulikwenda maabara kwa miguu yako, huna maumivu, ikawa hasi. Ilikuwa lazima iwe hasi. Haisemi lolote kuhusu mwaka ujao. Hata kwa mwenye maumivu, ikipimwa mapema mno inaweza kuwa hasi wakati mshtuko umeshaanza, ndiyo maana hospitali huirudia baada ya saa kadhaa.

HbA1c yako siiamini, na sababu ni mwanao. Mtoto mwenye sikoseli amerithi kutoka kwa baba na kutoka kwa mama, kwa hiyo wewe karibu kwa hakika unabeba jeni ya sikoseli ingawa huumwi. HbA1c hupima sukari iliyojibandika kwenye chembe nyekundu kwa miezi mitatu hivi. Kwa mwenye jeni hiyo kipimo kinaweza kusoma chini ya hali halisi, kutegemea mashine, na malaria nayo huua chembe nyekundu kabla hazijakaa na sukari vya kutosha. Kwako vyote viwili vipo. Pima sukari ya asubuhi kabla hujala. Ikiwa chini ya 6.1 mmol/L sawa, ikifika 7.0 irudiwe siku nyingine kuthibitisha kisukari. Katika ukanda wetu wa pwani, ambako sikoseli imejaa kwenye koo nyingi, natamani kila anayepimwa HbA1c aulizwe kwanza habari za familia.

Presha ya 142/90 iliyopimwa mara moja na mtu mwenye hofu haitoshi kukuita mgonjwa, lakini haitupwi pia. Kaa kimya dakika 5, mgongo umeegemea, mkono umelazwa mezani, usiwe umetoka kunywa kahawa, pima mara mbili, na urudie kwa siku kadhaa. Ikiendelea kuwa 140/90 au zaidi, hiyo ni presha ya kutibiwa hata kwa kijana wa miaka 34. Tena katika yote uliyonitajia, presha ndiyo rahisi kuliko yote kupima, na inaharibu moyo, figo na ubongo kwa pamoja. Ningekubali ukose Lp(a), nisingekubali ukose presha.

Kuhusu mwenzenu aliyeanguka uwanjani, tahadhari usimuweke kwenye kapu moja na mzee. Kijana anayeanguka akiwa anakimbia anaweza kuwa na moyo ulionenepa kuta tangu kuzaliwa, hitilafu ya umeme wa moyo, au valvu zilizoharibiwa na homa ya rumatiki ya utotoni, ugonjwa ambao bado tunao sana nchini. Hayo hayaonekani kwenye kipimo chochote cha kolesteroli. Yanaonekana kwa ECG (kipimo cha umeme wa moyo), kwa ECHO (picha ya moyo kwa mawimbi ya sauti), na kwa daktari kuweka kifaa chake kifuani na kusikiliza. Kwa hiyo kama wewe mwenyewe umewahi kuzimia au kukaribia kuzimia ukicheza, au moyo kwenda mbio ghafla bila mpangilio, au kuishiwa pumzi kuliko wenzako, acha mpira mpaka upimwe hivyo viwili. Kama hujawahi, bado nataka ECG moja, maana ni ya bei nafuu na historia ya familia inaidai.

Damu nzito. Najua neno hili limeenea, na jirani yako amesema kwa kukupenda. Lakini kolesteroli haiifanyi damu kuwa nzito kama uji, na aspirini haishushi kolesteroli. Aspirini huzuia chembe sahani kushikana. Kwa aliyewahi kupata mshtuko wa moyo ni dawa ya kuokoa maisha. Kwa ambaye hajawahi, tafiti tatu kubwa zilizotoka mwaka 2018 zilionyesha faida ndogo au hakuna, huku kuvuja damu tumboni kukiongezeka. Usianze. Kitunguu saumu na tangawizi kwenye chakula ni vizuri, endeleeni, na mshukuru mke wako. Kitunguu saumu kinaweza kushusha kolesteroli kidogo sana. Limau halifiki ukutani mwa mshipa kuyeyusha gamba, na hakuna kinywaji kinachofanya hivyo. Ninachoogopa ni mtu kunywa mchanganyiko huo miaka mitano akiamini anajitibu.

Mirungi nayo usiichukulie kuwa ni jambo dogo. Inabana mishipa, inapandisha presha na mapigo ya moyo, na imehusishwa na mshtuko wa moyo kwa watumiaji, wakiwemo vijana. "Mara mojamoja kwenye shughuli" ni usiku mzima wa kubanwa kwa mishipa. Kwa urithi ulio nao, iache kabisa.

Sasa tufanye nini na hiyo LDL? Chakula kwanza, na nitasema wazi kinafika wapi. Mtu wa Tanga anakula nazi: wali wa nazi, samaki wa kupaka, maharage ya nazi, kisamvu cha nazi. Mafuta ya nazi ni ya aina inayopandisha LDL ukilinganisha na alizeti. Sikuambii uache chakula cha kwenu. Nakuambia tui zito liwe la mara moja au mbili kwa wiki, siku nyingine iwe tui jepesi au mboga ya kukaanga kwa alizeti kidogo. Samli na ngozi ya kuku punguza. Vitumbua, bajia na mihogo ya kukaanga ya barabarani, inayopikwa kwa mafuta yaliyochemka tangu juzi, acha. Kunde, choroko, maharage na mbaazi ziongeze, nyuzinyuzi zake husaidia kuondoa kolesteroli tumboni. Samaki tunao, wachemshe au wachome. Ukifanya haya kwa dhati LDL inaweza kushuka kwa asilimia 10 hadi 15, yaani kutoka 4.2 kufika kama 3.7. Ni hatua, ila mara nyingi haitoshi.

Ndipo inakuja statini, atovastatini au rosuvastatini, zinazoshusha LDL kwa asilimia 30 hadi 50. Mwongozo wa madaktari wa moyo wa Marekani wa mwaka 2018 unaruhusu kuifikiria kwa mtu wa miaka 20 hadi 39 mwenye ndugu aliyeugua mapema na LDL kuanzia 4.1. Wengine wanasubiri umri zaidi, na sababu yao ni ya maana: kumwanzishia kijana dawa ya miaka mingi si jambo dogo, na tafiti za dawa hizi zimefanywa zaidi kwa watu wenye umri mkubwa kuliko wewe. Maoni yangu ni haya. Kama kipimo cha marudio kitakuwa 4.9 au zaidi, anza bila kuchelewa. Kama kitabaki 4.1 na kuendelea baada ya miezi mitatu ya chakula na mazoezi, au Lp(a) ikitoka juu, ningekushauri pia uanze. Kikishuka chini ya hapo na presha ikatulia, tunaweza kungoja na kupima kila mwaka. Utasikia kwamba statini zinaharibu misuli na ini. Uchambuzi mkubwa wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba zaidi ya malalamiko 9 kati ya 10 ya maumivu ya misuli kwa wanaozitumia hayatokani na dawa yenyewe. Madhara makubwa yapo lakini ni nadra, sukari inaweza kupanda kidogo, na tunapima ini kabla ya kuanza. Mwanamke mjamzito kwa kawaida hapewi. Anayetumia ARV amwambie daktari, kwa sababu baadhi ya dawa hizo haziendani.

Dar usiende sasa. Unachohitaji kinaanzia hapahapa: daktari wa magonjwa ya ndani, ECG, sukari, kreatinini ya figo, mafuta yakirudiwa baada ya miezi miwili. Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo ndiyo mahali pa kuanzia, na daktari akiona haja ya kukupeleka Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete atakuandikia. Ukiambiwa na mtu ukafanye CT (picha ya mionzi) ya kutafuta kalisi kwenye mishipa, kwa umri wako ikae kwanza. Magamba ya vijana mara nyingi bado ni laini, hayana kalisi, na jibu la sifuri litakudanganya.

Lakini kuna siku ambayo hutakiwi kusoma majibu yangu wala kutafuta maabara. Ukipata kubanwa au uzito katikati ya kifua unaozidi dakika chache, hasa ukielekea bega, mkono, taya au mgongo, pamoja na jasho baridi, kichefuchefu au pumzi kukata, nenda dharura mara hiyohiyo. Tafuta gari. Usijiendeshe, usipande bodaboda, kwa sababu ukizimia njiani utaanguka. Kama huna mzio wa aspirini wala vidonda vya tumbo vinavyotoka damu, tafuna aspirini ya miligramu 300 ukiwa njiani. Hapo ndipo aspirini ina kazi. Mkifika semeni "maumivu ya kifua" kabla ya kitu kingine chochote, na ombeni ECG mara moja. Dawa ya kuyeyusha donge hufaa zaidi katika saa za mwanzo, na kutoka hapa hadi Dar ni karibu kilomita 350, kwa hiyo kila dakika inayopotea nyumbani kwa kudhani ni kiungulia hairudi. Na kina mama nyumbani wajue kwamba kwao maumivu ya kifua yanaweza kuwa hafifu, huku uchovu wa ghafla, kichefuchefu na kukosa pumzi vikitangulia.

Jambo la mwisho. Hukuniambia una ndugu wangapi wa baba mmoja. Wote wanahitaji kupimwa mafuta na presha, hata dada zako, hata yule mdogo wa mwisho anayejiona mzima. Na LDL yako ikirudi 4.9 au zaidi, watoto wako nao wapimwe, kuanzia mwenye sikoseli, ambaye tayari ana siku zake za kliniki na damu yake inachukuliwa mara kwa mara. Mwombeni daktari wake aongeze kipimo hicho kwenye sampuli itakayofuata, mtoto asichomwe sindano mara mbili.